Nyonga bandia ikiingiwa na bakteria: dhana potofu na ukweli

"Antibiotiki kali zitamaliza tatizo."
Peke yake, kwa kawaida hazimalizi. Bakteria, hasa stafilokoka, wakitua juu ya chuma au plastiki hujijengea utando unaonata, na humo dawa hazina nguvu zilizo nazo kwenye damu. Ndiyo maana homa hushuka, maumivu yanatulia, kisha dozi ikiisha usaha unarudi.

Kibaya zaidi ni kumeza dawa kabla ya vipimo. Daktari huvuta majimaji ya kiungo kwa sindano. Katika maambukizi ya muda mrefu, seli nyeupe zaidi ya 3,000 kwa mikrolita, nyingi zikiwa nyutrofili (aina ya seli nyeupe inayopambana na bakteria), ni dalili nzito. Dawa zilizotangulia huwaficha bakteria, na maabara inajibu kwamba hakuna kilichoota. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kusubiri huachishwa antibiotiki kwa wiki 2 hivi kabla ya sampuli.

"Tundu dogo linalotoa usaha ni kidonda cha ngozi tu."
Likiwa limefika kwenye kiungo, hilo ni uthibitisho tosha wa maambukizi. Kubadilisha bandeji hakutaliziba.

"Lazima nyonga ing'olewe."
Inategemea muda. Zikiwa hazijapita wiki 4 tangu upasuaji, au dalili zimeanza ghafla chini ya wiki 3 zilizopita, na chuma bado kimeshika mfupa, huweza kusafishwa na kubakizwa. Kusafisha huku ni operesheni kamili: jeraha hufunguliwa hadi kiungoni, nyama iliyokufa inakatwa, na sampuli 5 au 6 huchukuliwa, kila moja kwa kifaa chake na chombo chake. Bakteria yuleyule akiota kwenye mbili, hapo kuna ushahidi. Akiota kwenye moja tu, huenda ametoka kwenye ngozi. Maabara huziotesha hadi siku 14, kwa kuwa wapo bakteria wavivu. Kichwa cha nyonga na bitana ya kikombe (kipande cha ndani ambamo kichwa hicho huzunguka) hubadilishwa. Mpasuaji akiviacha, nyuso zilizojificha nyuma yake hazioshwi, na kazi yote inaweza kuwa bure.

"Operesheni mbili ni salama kuliko moja."
Si kwa kila mtu. Hamburg, Ujerumani, wamekuwa wakitoa nyonga chafu na kuweka mpya kwa operesheni moja tangu miaka ya 1970. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 140, uliotolewa 2022, haukuona tofauti ya maumivu na utendaji baada ya miezi 18. Ila kwa operesheni moja, bakteria awe anajulikana, na nyama na mfupa viwe vizuri.

Katika njia ya hatua mbili, nyonga hutolewa kwanza na mpya huwekwa baadaye; kati ya hapo nafasi hushikiliwa kwa kipande cha saruji ya mifupa: pakiti ya gramu 40 huchanganywa na takriban gramu 3 hadi 4 za antibiotiki, mara nyingi vankomaisini na jentamaisini. Kiasi hicho hudhoofisha saruji, hivyo kipande huweza kuvunjika au kuchomoka mgonjwa akikanyagia uzito wote.

"Rifampisini ni dawa ya TB."
Ndiyo, lakini pia hupenya utando wa stafilokoka. Haitolewi peke yake, maana usugu hujitokeza haraka. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa. Hilo lisimtishe mtu. La kuangalia ni kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV: anayetumia dolutegraviri hupewa miligramu 50 mara 2 kwa siku badala ya mara 1.