Sayansi ya michezo ni somo gani hasa?

Mzazi akisikia mwanawe amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, swali la kwanza huwa: "Yaani miaka mitatu utakuwa unacheza mpira tu?" Nalielewa swali hilo. Enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya uliotangulia, kipindi cha michezo ndicho mwalimu wa hisabati alichokuwa akikiomba ili amalize silabasi. Hakikuwa na mtihani, basi hakuna aliyekihesabu kuwa masomo.

Chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC) mambo yamebadilika. Sekondari pevu nchini Kenya ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na huu wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Kipindi cha mazoezi ya mwili bado ni cha kila mwanafunzi, lakini sayansi ya michezo ni jambo jingine: ni kuuchunguza mwili ukiwa kazini.

Chukua mapigo ya moyo. Mwanafunzi ameketi. Anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, si kidole gumba kwa sababu nacho kina mpigo wake, anahesabu kwa sekunde 15 kisha anazidisha kwa 4. Tuseme anapata 72. Anazunguka uwanja mbio mara mbili, anahesabu tena: 168. Dakika moja baadaye ni 132, ilhali mwenzake aliyekimbia naye bega kwa bega amekwisha kushuka hadi 108. Kwa nini? Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi, na hutulia upesi. Nambari hizo huchorewa grafu, na hapo ndipo mwanafunzi aliyedhani amezikimbia hesabu anakutana nazo tena.

Somo hili pia hurekebisha mambo tunayoyaamini bila kuyachunguza. Wengi wetu tumefundishwa uwanjani kwamba maumivu ya misuli siku mbili baada ya mazoezi makali yanaletwa na asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu. Sivyo. Laktiki huondoka mwilini ndani ya saa chache. Maumivu yale yanatokana na majeraha madogo mno katika nyuzi za misuli, ambazo mwili huzikarabati zikawa imara kuliko awali. Kocha anayelijua hili hatamlazimisha mtoto arudie mazoezi yale yale kesho yake.

Halafu kuna Iten, mji wa wakimbiaji katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Figo huhisi upungufu huo na kutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ndiyo maana wakimbiaji wa nchi nyingine hufunga safari kuja kufanya mazoezi huko.

Upande mwingine ni mekanika ya mwili, na kwangu hakuna mfano bora kuliko Mkenya Julius Yego. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mita 92.72. Mtazame polepole: anakuja mbio, mguu wa mbele unakita chini na kusimama imara, na kasi ya mwili mzima inapanda kutoka nyonga hadi bega, kiwiko, kiganja, kisha mkuki. Goti la mguu ule likilegea, kasi inapotea na mita zinapungua. Ni fizikia ile ile ya darasani.

Kuna pia lishe, saikolojia ya ushindani na huduma ya kwanza ya majeraha. Anayeyasoma haya anaweza baadaye kuelekea kwenye ukocha, ualimu au tibamaungo (fiziotherapia), hata kama hakuwahi kushinda mbio yoyote.

Kabla ya mtoto kuchagua, mzazi aiulize shule maswali mawili: nani anafundisha somo hili, na kuna uwanja? Saa ya kupimia muda, futi ya kamba na daftari vitatosha kuanzia. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo ndiye asiyeweza kuazimwa.