Kinyota kwenye Rejista: Haki ya Kuambiwa "Hapana"

Mgeni akishuka gatini Lamu na kuulizia nyumba katika vichochoro vya Mkomani, atamuuliza yeyote aliyeketi barazani. Anayeijua atampeleka. Asiyeijua atamwambia, "Hapana nyumba hiyo mtaa huu," na mgeni atajua kuwa amekosea jina. Kwenye intaneti pia tunalihitaji jibu hilo la pili, na liliwahi kuondolewa.

Unapoandika jina la tovuti, kompyuta yako huziuliza seva za majina. Jina likiwa halijasajiliwa, hujibiwa kwamba halipo. Lakini mfumo unamruhusu msimamizi kuweka rekodi ya kinyota, alama ya * inayojibu kwa niaba ya jina lolote lisiloandikwa. Ukiiweka kwenye kikoa chako mwenyewe, yaani jina la intaneti ulilolisajili, si neno. Hayo ni majina yako. Shida ni kinyota kikiwekwa juu kabisa, kwenye rejista ya watu wote, daftari la majina yote yenye mwisho mmoja kama .com.

Tarehe 15 Septemba 2003, VeriSign, kampuni inayosimamia .com na .net, ilikiweka. Aliyekosea herufi akajikuta kwenye ukurasa wa utafutaji wa kampuni hiyo. Kama ingekuwa usumbufu wa kivinjari tu, nisingeandika. Vichujio vya barua taka vilivyokuwa vikikagua kama kikoa cha mtumaji kipo, sasa viliambiwa kila kikoa kipo, hata cha kubuni.

Na barua pepe zenyewe? Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela alinionyesha simu yake. Alikuwa anamthibitishia mgeni vyumba viwili, akaruka herufi moja kwenye anwani. Punde barua ikarudi: kikoa hakikupatikana. Akasahihisha, akatuma tena, akaendelea kukunja mashuka. Chini ya kinyota kile, barua yake ingebisha hodi kwenye seva ya kampuni. Ingekataliwa, ndiyo, lakini seva ingekuwa imeshatajiwa nani anamwandikia nani. Yeye hakuombwa ruhusa.

Kwangu hili ni suala la amana. Aliyekabidhiwa daftari la majina hakukabidhiwa nafasi zilizo tupu azichume, wala hana haki ya kugeuza makosa yetu ya vidole kuwa wateja wake. ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, iliitaka kampuni hiyo isitishe huduma tarehe 3 Oktoba, na kesho yake ikazimwa. Vikoa vipya vya juu, yaani miisho mipya ya majina, vinavyopewa mkataba na ICANN sasa vinakatazwa kuweka kinyota cha namna hiyo.

Hata hivyo, mtoa huduma wako wa intaneti anaweza kufanya jambo kama hilo kwenye seva zake. Jaribu: andika http:// kisha jina refu la kubuni, umalizie na .com. Ukiambiwa tovuti haikupatikana, ni sawa. Ukiletewa ukurasa wa matangazo, huenda yeye ndiye aliyejibu. Mpigie, mwambie akuzimie huduma hiyo.