Je, wajua kwa nini aliye kitandani na redio humsikia mwimbaji kabla ya aliye tamashani?

Chukua watu wawili. Wa kwanza amelipa nauli ya boti, amelipa kiingilio, na sasa yuko ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, usiku wa tamasha la Sauti za Busara. Kachelewa kufika, hivyo kasimama nyuma, kama mita 50 kutoka jukwaani. Wa pili yuko Mpanda. Kajilaza kitandani, redio ndogo ya betri iko kando ya mto, na tuseme kituo anachosikiliza kinarusha onyesho lile lile moja kwa moja, bila setilaiti wala intaneti katikati. Mwimbaji anafungua kinywa. Nani anaisikia sauti yake kwanza?

Ni yule wa Mpanda. Tena anamwacha mwenzake mbali sana.

Sauti, pamoja na sifa zake zote, ni mwendapole. Inasafiri kwa chembe za hewa kusukumana, moja inamgusa jirani yake, jirani anamgusa wa mbele. Katika joto la usiku wa Unguja mwezi wa Februari, tuseme nyuzi 27, inakwenda mita 347 hivi kwa sekunde. Mita 50 zinaichukua sekunde 0.14. Wimbi la redio halihitaji hewa wala kusukumana. Linakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Unguja hadi Mpanda, ukipita angani bila kona, ni kilomita 900 hivi, na wimbi linazimaliza kwa sekunde 0.003. Katika muda huo sauti iliyotoka kwenye spika za jukwaani imetembea mita moja tu. Yaani ukitaka kumshinda yule wa kitandani inabidi ukabandike sikio kwenye spika, na hapo utashinda mbio ukapoteza sikio.

Waingereza walikutana na jambo hili zamani. Usiku wa kuamkia mwaka 1924, BBC ilirusha kwa mara ya kwanza mlio wa kengele ya Big Ben ya London. Baadaye maikrofoni ilipowekwa mnarani, kila mlio wake uliporushwa kwa mitambo ile ya zamani, mtu aliyekuwa mji mwingine kabisa, sikio kwenye redio, aliusikia kabla ya mpita njia aliyekuwa chini ya mnara wenyewe. Maikrofoni ilikuwa juu karibu na kengele, mpita njia yuko chini mtaani, na ule umbali wa kushuka tu ulitosha kumchelewesha.

Sasa lile sharti nililoliweka, la kutokuwa na setilaiti wala intaneti. Siku hizi mambo si mepesi hivyo. Setilaiti nyingi za matangazo zimekaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Sauti ikipanda huko na kushuka, imekwenda zaidi ya kilomita 72,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu robo sekunde. Hapo yule wa nyuma Ngome Kongwe anashinda. Ila aliye uwanja wa mpira, mita 100 kutoka jukwaani, bado anashindwa. Ongeza kompyuta za kuibana sauti na kuifungua, robo sekunde inazidi kukua. Ukisikiliza kwa programu ya simu ndiyo kabisa: unaweza kuwa nyuma kwa sekunde nyingi, wakati mwingine nusu dakika. Shabiki yeyote wa Simba au Yanga analijua hili bila kufundishwa fizikia. Jirani mwenye redio ya kawaida anapiga kelele "goooo!", wewe na simu yako bado mpira uko katikati ya uwanja.

Vituo vingine huchelewesha kwa makusudi, sekunde chache, ili msanii akiropoka tusi fundi mitambo apate nafasi ya kulifuta kabla halijafika sebuleni kwa watu.

Turudi tamashani, maana aliyelipa kiingilio naye ana haki zake. Uwanja ukiwa mkubwa, spika za jukwaani hazitoshi. Mafundi husimamisha minara ya spika katikati ya watu. Na hapo ndipo upole wa sauti unapogeuka kero. Umeme unafika kwenye mnara papo hapo, sauti ya jukwaani inakuja kwa miguu. Kama mnara uko mita 104 kutoka jukwaani, aliye karibu nao atasikia neno kutoka mnarani, halafu sekunde 0.3 baadaye lile lile kutoka jukwaani. Kila shairi mara mbili, kila pigo la ngoma mara mbili. Kwa hiyo fundi anauchelewesha mnara kwa sekunde 0.3, ili usubiri sauti ya jukwaani iufikie. Fundi mzoefu huongeza tena kidogo, kama sekunde 0.01 au 0.02. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alieleza katika utafiti wake wa udaktari jinsi sauti mbili zinazofanana zikifuatana upesi hivyo sikio linavyozisikia kama moja, na kuiamini ile iliyotangulia kuhusu upande inakotoka. Ndiyo maana umesimama chini ya mnara unaokupigia masikioni, na bado unaapa kwamba sauti inatoka kwa yule mtu mdogo aliye kule mbele kwenye taa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo: anachosikia wa Mpanda, ukiacha kwamba anakisikia mapema, si onyesho lile lile.

Miaka kadhaa iliyopita nilisikiliza bendi moja ya dansi ikirushwa laivu na kituo ambacho sitakitaja. Mwimbaji alikuwa kama kanikalia begani, nasikia hadi anavyovuta pumzi. Drams zilisikika kama mtu anagonga kopo nyumba ya tatu. Besi haikuwepo. Wimbo ukaisha: kimya, kama matangani. Nikaihurumia bendi, nikadhani ukumbi ni mtupu. Kesho yake rafiki aliyekuwepo akaniambia watu walijaa hadi mlangoni na kwenye chemko ya mwisho hapakuwa na pa kukanyaga.

Kosa lilikuwa dogo na linafanyika kila mahali. Kituo kilichukua waya mmoja kutoka kwenye meza ya fundi wa ukumbi kikaurusha. Ukifikiri harakaharaka, hiyo ni akili: si sauti zote zinapita pale? Hazipiti. Katika ukumbi wa kawaida drams zina kelele ya kutosha zenyewe, na besi na magitaa yana spika zake pale pale jukwaani. Fundi hana haja ya kuviongeza. Anachoongeza ni sauti ya mwimbaji, maana koo la binadamu haliwezi kushindana na bati la drams. Basi meza yake haina muziki wote, ina kile tu ambacho ukumbi ulipungukiwa. Ukikirusha hicho, umemrushia msikilizaji kiraka bila nguo.

Vituo vinavyojua kazi hufanya hivi. Kila maikrofoni ya jukwaani inapita kwenye kisanduku kinachougawa waya njia mbili: moja kwa fundi wa ukumbi, nyingine kwa fundi wa redio. Huyu wa pili anakaa kwenye gari la matangazo ya nje, mlango umefungwa, hasikii jukwaa hata kidogo, anasikia kwa spika ndogo kama zako. Anaichanganya upya bendi nzima kwa ajili ya mtu ambaye hayupo pale. Pia anaukaza umbali kati ya sauti ndogo na kubwa, maana msikilizaji wake mmoja yuko ndani ya daladala na injini inaunguruma, na udi ukipigwa kwa unyenyekevu wa kweli hatausikia.

Na watu? Maikrofoni za jukwaani zimeelekezwa vinywani na kwenye ala, zikiupa umati kisogo. Kwa hiyo fundi wa redio anaweka nyingine zinazowatazama watazamaji, kazi yake kusikia makofi na vigelegele. Nazo zina mtego ule ule wa mwanzo. Maikrofoni iliyo mita 20 kutoka jukwaani inaupata muziki sekunde 0.06 baadaye, ukiichanganya hivyo hivyo na zile za jukwaani, redioni muziki wote unakuwa kama unapigwa ndani ya tangi la maji. Dawa ni ile ile ya mnara: bendi yenyewe inacheleweshwa mezani, sekunde 0.06, ili isubiri vigelegele vyake.

Kwa taarabu hili si pambo. Kigelegele kinakuja pale fumbo linapompata mwenyewe, na msikilizaji asipokisikia amepoteza nusu ya wimbo. Wala hatamwona mama aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, akipita makusudi mbele ya yule anayeimbwa. Hilo hakuna maikrofoni inayoliweza.

Kwa nini basi vipindi vya namna hii vinajaa mwisho wa wiki, hasa Jumamosi usiku? Sababu ya kwanza kila mtu anaijua: kesho si siku ya kazi. Ya pili iko angani. Mchana, tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme hunywa mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi, yanagonga na kurudi ardhini mbali mno na mnara. Wazee waliokuwa wakizungusha kitufe cha redio usiku wakanasa stesheni za nchi za mbali walikuwa wanalitumia tabaka hilo bila kulijua jina. FM haina bahati hiyo. Yenyewe hutoboa ikaenda zake angani.

Walioitumia bahati hiyo hadi mwisho ni watu wa Nashville, Marekani. Tarehe 28 Novemba 1925, Jumamosi usiku, mzee wa miaka 77 aitwaye Uncle Jimmy Thompson alipiga fidla kwenye kituo cha WSM, mali ya kampuni ya bima iliyotaka kufahamika kwa watu wa vijijini. Kipindi kilichozaliwa hapo kilipewa jina la Grand Ole Opry mwaka 1927, na bado kinarushwa hadi leo. Mwaka 1932 WSM ikapata mtambo wa wati 50,000, na Jumamosi usiku fidla za Nashville zikawa zinashuka kwenye mashamba ya majimbo ya mbali.

Pale kwetu tunazoea kudhani onyesho linatangulia, redio inafuata. Kule ilikuwa kinyume. Waliokuwa wakisikia kwa wiki nyingi wakataka kuona, wakaanza kufika studio, studio ikafurika, kipindi kikahamahama kumbi hadi mwaka 1943 kikatua Ryman Auditorium, jengo lililokuwa kanisa, kikakaa hapo hadi 1974. Watu walisafiri maili nyingi, wakapanga foleni, wakakalia mabenchi ya mbao bila kiyoyozi. Na aliyepata nafasi ya mwisho kabisa, juu kwenye roshani ya nyuma, alikuwa akiisikia fidla baada ya jirani yake aliyebaki nyumbani na redio.