Kurekodi redio ya intaneti kwenye kompyuta ni nini hasa?

Unaposikiliza kituo cha redio kupitia intaneti, kinachoingia kwenye kompyuta yako ni data. Seva ya kituo, yaani kompyuta inayorusha matangazo, huyabana kwa muundo wa MP3 au AAC ili yawe madogo, kisha huyatuma kidogo kidogo, bila kukoma, kwa kila aliyejiunga. Kompyuta hupokea, huicheza ile data, halafu huitupa. Kurekodi redio ya intaneti ni kuiambia kompyuta isitupe.

Wengi hawalijui hili, na ndiyo maana huzunguka. Hufungua kituo kwenye kivinjari, halafu huwasha programu kama Audacity inase sauti inayotoka kwenye kadi ya sauti. Njia hiyo inafanya kazi, ila hunasa kila kitu, pamoja na mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya mahojiano. Tena ukihifadhi kwa MP3 unabana kwa mara ya pili sauti iliyokwisha kubanwa, na ubora unashuka. Mimi ningeiacha iwe kimbilio la mwisho, pale anwani ya mkondo, yaani ya ile data inayotiririka kutoka kituoni, inapokosekana kabisa.

Njia safi ni kuunakili mkondo wenyewe jinsi unavyofika. Programu ya VLC inaweza, na ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, inaweza kwa mstari mmoja (weka anwani ya mkondo palipo ANWANI):

ffmpeg -i ANWANI -c copy -t 3600 kipindi.mp3

Maneno "-c copy" yanaagiza data isiguswe, inakiliwe tu. 3600 ni sekunde, yaani saa moja. Unachopata ni kile kile kilichotumwa na kituo, na unaweza hata kuzima spika ukaendelea na shughuli nyingine.

Anwani yenyewe ndiyo huwasumbua wengi. Mara nyingi kituo hutoa faili dogo la .pls au .m3u, na ukilipakua unashangaa halina sauti yoyote. Lifungue kwa programu ya kuandikia maandishi: ndani utakuta anwani inayoanza na http. Huo ndio mkondo. Vituo vingine hutumia .m3u8, ambapo matangazo hukatwa vipande vya sekunde chache na orodha yake kusasishwa kila mara. Hapo unaipa ffmpeg anwani ya orodha, nayo inavifuata na kuviunganisha yenyewe.

Nafasi si tatizo. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kilobaiti 16 kila sekunde, kama megabaiti 58 kwa saa. Saa hiyo hiyo kwa WAV, muundo usiobana sauti, ya ubora wa CD hufikia megabaiti 635 hivi.

Jambo la kuangalia zaidi ni muundo wa faili. MP3 imejengwa kwa fremu ndogo, kila moja kama milisekunde 26, na kila fremu ina utambulisho wake. Umeme ukikatika katikati, ulichokwisha kurekodi bado kinasikika. Faili la .m4a, ambalo mara nyingi hubeba AAC, kwa kawaida huandikiwa mwishoni faharasa yake, yaani orodha ya kilichomo na mahali kilipo. Likikatizwa kabla ya hapo, huenda lisifunguke kabisa. Mkondo wa AAC basi uuhifadhi kama .aac.

Seva za Icecast na SHOUTcast huweza pia kupenyeza jina la wimbo katikati ya data. Programu ya Streamripper hulitumia kuukata mkondo, kila wimbo faili lake. Tatizo ni kwamba jina halibadiliki sawia na sauti, na studio hupishanisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Kwa vipindi vya mazungumzo, acha faili moja refu, ukate baadaye kwa sikio lako.

Sheria za kurekodi kwa matumizi ya nyumbani hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kusambaza kwa wengine kwa kawaida kunahitaji ruhusa ya mwenye haki.

Ukitaka kurekodi usipokuwepo, Task Scheduler ya Windows au cron ya Linux itaanzisha kazi kwa wakati, mradi kompyuta isilale. Mkondo hufika kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo ongeza dakika chache mwishoni. Na kama kituo kiko nchi inayosogeza saa, mfano Uingereza mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, rekebisha ratiba yako, la sivyo utarekodi kipindi kingine kabisa.