Mtandao wa intaneti wa jamii: antena ni ya nani?

Tuondoe utata kwanza: hapa hatuzungumzii Facebook wala TikTok. Mtandao wa intaneti wa jamii ni antena, ruta na nyaya zilizofungwa na watu wa mtaa wenyewe. Vifaa ni mali yao, na vikiharibika wanavitengeneza wao. Intaneti huingia mtaani kwa mlango mmoja au michache, kisha hurushwa kutoka paa hili hadi paa lile mpaka imfikie kila aliyejiunga.

Wengi huuchanganya na Wi-Fi ya bure. Ya mkahawani hailipiwi, ni kweli, ila mwenye mkahawa akiamua kuizima, kufunga tovuti fulani au kukusanya namba za simu za wateja, huna la kusema. Na ipo mitandao ya jamii ambayo wanachama huichangia kila mwezi. Kwa hiyo bei haikuambii mengi. Uliza vifaa ni vya nani, na ni nani huketi kwenye kikao cha kuamua.

New York inafaa kwa mfano, maana imejaribu karibu kila namna ya jambo hili.

Mlango wa kisheria ulifunguliwa mwaka 1985, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliporuhusu masafa kadhaa ya mawimbi ya redio, yakiwemo ya 2.4 GHz, yatumiwe na yeyote bila leseni, almradi kifaa chake hakizidi nguvu iliyowekwa. Hayo yalikuwa masafa yasiyogombewa, yamejaa kelele za majiko ya maikrowevu. Miaka ya mwisho ya 1990 Wi-Fi ikayakalia, vifaa vikashuka bei. Mwaka 2001 kikundi cha watu wa kujitolea kiitwacho NYCwireless kilianza kuwahimiza wakazi warushe intaneti yao hadi barabarani, na mwaka 2002 kikashiriki kuweka Wi-Fi ya wazi katika bustani ya Bryant Park, katikati ya Manhattan. Mwaka huohuo kampuni ya kebo ya Time Warner iliwaandikia barua baadhi ya wateja wake jijini, ikiwaonya waache kugawa intaneti kwa watu wa nje. Mkataba ulikuwa upande wa kampuni. Ukijenga juu ya kifurushi cha nyumbani, aliyekuuzia ndiye mwenye swichi.

NYC Mesh, mtandao wa jamii wa jijini humo ulioanza miaka ya 2010, ulipita njia nyingine. Antena zake kuu za mwanzo zilifungwa juu ya 375 Pearl Street, jengo refu karibu na daraja la Brooklyn lililojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kampuni ya simu. (Mtandao wa watu wa mtaa juu ya jengo la kampuni ya simu: mtu akitaka kucheka kidogo hapo, aruhusiwe.) Huko waliungana na kituo cha kubadilishana data, mahali ambapo mitandao mikubwa hukutana moja kwa moja, kwa hiyo hawakuhitaji kifurushi cha nyumbani cha mtu.

Anayetaka kujiunga huombwa kwanza apande juu ya paa lake apige picha pande zote. Antena za aina hii hufanya kazi zikionana. Ghorofa ikikaa katikati, mawasiliano hakuna. Hata majani ya mti yana maji ya kutosha kunyonya mawimbi, hivyo njia iliyokuwa safi wakati wa baridi yaweza kufifia miti ikichipua. Picha ikionyesha paa la mwanachama au jengo kuu, wanaojitolea huja na antena, waya na drili. Baadaye antena ya mgeni huyo nayo yaweza kumpitishia jirani wa mbele yake. Njia zikishakuwa nyingi, mtandao unakuwa kama wavu wa samaki: uzi mmoja ukikatika, mwingine unashika.

Faida ya wavu ilionekana kitongoji cha Red Hook, Brooklyn, Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipokifurisha maji. Shirika la mtaa, Red Hook Initiative, lilikuwa limekwisha anza kufunga mtandao wake mdogo. Uliendelea kufanya kazi, na wakala wa maafa wa serikali kuu, FEMA, akauunganisha na setilaiti yake ili wakazi wapate mawasiliano. Baadaye vijana wa hapohapo walifundishwa kuufunga na kuutunza. Naona mafunzo hayo yalikuwa na thamani kuliko antena zenyewe, kwani wa kujitolea huchoka, huhama, hupata kazi ya zamu. Mtandao wenye fundi mmoja tu una siku za kuhesabika.

Kuna na intaneti ya umma, ambayo ni jambo lingine. Hapo mwenye miundombinu ni serikali ya jiji au shirika lake, kama ilivyo kwa maji na barabara. Chattanooga, Tennessee, shirika la umeme la jiji lilitandaza nyaya za faiba na mwaka 2010 likaanza kuuza intaneti ya kasi ya gigabiti moja kwa sekunde. Walio kwenye mitandao ya jamii mara nyingi huipigania pia, na hiyo ndiyo kazi yao isiyopigwa picha: kusoma bajeti, kukaa kwenye vikao vya baraza la jiji, kudai paa za majengo ya umma zifunguliwe kwa antena. Januari 2020 New York ilitoa mpango mkuu wa kuwekeza katika miundombinu ambayo watoa huduma wengi wangeitumia. Mwaka 2022 utawala mpya uliuacha. Badala yake ukaanzisha Big Apple Connect, ambapo jiji huyalipa makampuni makubwa ya kebo yawape intaneti wakazi wa nyumba za umma. Mkazi halipi kitu, na hilo si dogo. Ila jiji limekuwa mpangaji: likiacha kulipa, halibaki na hata waya mmoja.

Kwetu, Kibera jijini Nairobi, taasisi ya Tunapanda inaendesha TunapandaNET, inayounganisha shule na vituo vya vijana na kuwapa pia masomo yaliyohifadhiwa kwenye seva ya humohumo, ambayo hayatafuni bando. Kisheria, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwaka 2021 mwongozo wa kuipa leseni mitandao ya jamii kama kundi lake lenyewe, tofauti na makampuni. Kabla ya hapo kikundi cha mtaa kingepaswa kuomba leseni zilizotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, na ada zake.