Kabla Hujalipia Kamex Isiyo na Nyota

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya kadi ya Pokémon ya Kijapani na swali moja: "Kaka, hii ni orijino?" Mara nyingi picha yenyewe ni ya upande wa mbele tu, imepigwa usiku kwa taa ya chumbani, na kadi iko ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa picha ya namna hiyo hakuna mtaalamu anayeweza kukujibu, na anayekuuzia analijua hilo.

Nitazungumzia kadi ninazozishika kila siku, zile za mwanzo kabisa. Mchezo wa kadi za Pokémon ulitoka Japani tarehe 20 Oktoba 1996, chini ya kampuni ya Media Factory. Kadi za chapa ya kwanza hazikuwa na alama ya uadimu. Zilipoendelea kuchapwa ndipo ikaongezwa alama kwenye kona ya chini, kulia: duara kwa kadi za kawaida, almasi kwa zinazofuata, nyota kwa adimu. Ndiyo maana leo ziko Kamex mbili, huyu kobe ambaye kwingineko anaitwa Blastoise, picha ni ile ile na maandishi ni yale yale. Moja ina nyota kando ya namba yake, No. 009, nyingine haina. Wanayoigombania watu ni hiyo isiyo na nyota.

Wauzaji wa Japani wanaiita "shohan māku nashi", chapa ya kwanza isiyo na alama. Kadi zote za enzi ile wanaziita "kyūura", mgongo wa zamani, maana mgongo wa kadi za Kijapani ulibadilishwa mwaka 2001. Jifunze pia "shirokake", yaani rangi iliyobanduka ukingoni hadi weupe ukatokeza, na "nō kurēmu nō ritān", usilalamike wala usirudishe. Ukikuta maneno hayo ya mwisho chini ya tangazo la kadi ya bei kubwa, omba picha zaidi au achana nayo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya tapeli. Kuigiza kadi nzima ni kazi kubwa: karatasi, wino, mng'aro, vyote vinaweza kumuumbua. Kununua Kamex halali yenye nyota kisha kuifuta nyota ni kazi ndogo sana. Karatasi itakuwa halali, mgongo halali, mng'aro halali. Utapima kila kitu na kila kitu kitakubali, isipokuwa sehemu moja isiyozidi punje ya mtama.

Mimi mwenyewe niliuziwa moja ya hizo. Niliipima uzito, nikaikagua mgongo, nikaiweka kwenye albamu kwa furaha. Akipenda, chongo huita kengeza. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa naipanga upya, tochi ya simu imelala mezani, mwanga unapita juu ya kadi kwa ubavu. Pale kando ya No. 009 palionekana kivuli kidogo kisichong'aa, kama kioo kilichopumuliwa. Nikachukua lenzi ya sonara. Uso wa kadi pembeni ulikuwa laini, lakini pale nyuzi za karatasi zilikuwa zimesimama kama manyoya, na njano ya fremu imepauka. Kwenye pembe moja palibaki chembe nyeusi ya nyota. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Kwa hiyo mwanga wa ubavuni ndio kipimo changu cha kwanza. Zima taa ya chumba, laza tochi karibu kabisa na meza, zungusha kadi polepole. Tabaka la juu la kadi halali hurudisha mwanga kwa usawa. Palipokwanguliwa au kupakwa kitu, mng'aro hukatika.

Lenzi inafuata, na hapa ndipo zile za kuigizwa nzima huanguka. Kadi hizi huchapwa kwa ofseti, yaani kila wino una bamba lake la kuchapia. Rangi za picha ni vinukta vidogo vya wino vilivyopangwa kwa mpangilio unaojirudia, lakini maandishi meusi yana bamba lake peke yake. Chini ya lenzi ya mara kumi hadi thelathini, herufi halali ni nyeusi tii, ukingo wake umekatika safi. Tapeli huanza na skana. Skana haijui herufi wala picha, yenyewe inaona rangi tu, kwa hiyo herufi zake zinatoka zimeundwa kwa vinukta vya rangi mchanganyiko na ukingo una ukungu.

Lakini utajuaje wino mzuri unafananaje? Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakesha wakiangalia picha za kadi adimu mtandaoni. Mimi nawaambia wanunue kwanza kadi za bei ya chini kabisa za toleo lile lile, hata zilizochakaa. Ni nadra mtu kuhangaika kughushi kadi ya bei ya chini. Naziita mashahidi. Kadi inayotiliwa shaka nailaza kando ya shahidi wake, nalinganisha unene wa ukingo, uzito kwenye mizani ya sonara, weupe wa karatasi chini ya taa ya urujuanimno, hata sauti ya kadi inapokunjika kidogo. Ukubwa pia: Pokémon ni milimita 63 kwa 88, na Yu-Gi-Oh! ya Kijapani, mchezo mwingine wa kadi, ni 59 kwa 86. Halafu usidanganyike na kadi za nishati za kawaida, zile za kumpa Pokémon nguvu ya kushambulia. Zile hazina alama katika chapa yoyote, ila kuna wanaoziuza kwa bei ya chapa ya kwanza.

"Lakini Kaka, hii iko ndani ya kasha la kampuni ya kupima uhalali na hali ya kadi." Kasha ni msaada, tafuta namba yake kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha. Makasha nayo yanaghushiwa, tena kwa kutumia namba za kadi za kweli. Na hata kasha halali ni maoni ya binadamu. Mwanzoni mwa 2025 wakusanyaji waliziskani kadi zilizodaiwa kuwa za majaribio, za kabla mchezo haujatoka 1996, na ambazo zilikwisha kupitishwa na kuwekwa kwenye makasha. Walipokoleza mkondo wa bluu wa picha, zikatokeza nukta za manjano zisizoonekana kwa macho. Printa nyingi za leza za rangi huacha nukta hizo kwenye kila ukurasa. Ndani yake kuna namba ya mashine na tarehe. Kwenye baadhi ya kadi zile, nukta zilisomeka mwaka 2024.

Kwa hiyo ukinitumia picha, nitumie hizi: mbele na nyuma nje ya plastiki, kona zote nne kwa karibu, kona ya chini kulia ikiwa na tochi ubavuni, na kadi hiyo ikiwa imelala kando ya nyingine ya bei rahisi ya toleo lile lile. Muuzaji akikataa kukupigia ya kona, usilipe.