Ruzuku ya kilimo si msaada

Msimu wa kupanda unapokaribia, hapa Lubumbashi neno ruzuku hubandikwa kwenye kila kinachomfikia mkulima bila yeye kukilipia papo hapo: mfuko wa mbegu za shirika la misaada, trekta linalokabidhiwa mbele ya kamera, hata mkopo utakaodaiwa baada ya mavuno. Ruzuku ni fedha za umma ambazo serikali hutoa kwa mujibu wa sheria ili kumpunguzia mkulima gharama za uzalishaji au kumfidia mapato yanaposhuka. Kinachosahauliwa ni hicho kipande cha sheria.

Msaada humtegemea mtoaji. Yeye ndiye anayeamua nani apewe, lini na kiasi gani, na asipotoa hadaiwi. Ruzuku hufuata kanuni iliyoandikwa mapema, ambayo mkulima mwenyewe anaweza kuikokotoa kwa kalamu na, akipunjwa, akadai kilicho chake.

Marekani inaonyesha jambo hili waziwazi, tena kwa namna inayokera. Sheria ya kilimo ya mwaka 2014 ilifuta malipo ya moja kwa moja, yaliyokuwa yakitolewa hata bei ikiwa nzuri, na miongoni mwa mipango iliyochukua nafasi yake ukawamo mmoja unaopima mapato ya kaunti nzima, yaani eneo tunaloweza kulilinganisha na wilaya zetu kama Kipushi au Kasenga. Wastani wa mavuno ya kaunti ulizidishwa kwa bei ya soko ya taifa, na jibu likiwa chini ya asilimia 86 ya kiwango kilichokokotolewa kutokana na miaka mitano iliyotangulia, waliojiandikisha walilipwa kwa asilimia 85 ya ekari zao za msingi. Ekari hizo hutokana na historia ya shamba, si na kilichopandwa mwaka huo, hivyo aliyepanda soya aliweza kulipwa kwa ajili ya mahindi. Na kwa kuwa kipimo ni kaunti, mkulima ambaye mahindi yake yamepigwa na mvua ya mawe hakupata kitu katika mpango huo iwapo majirani walivuna vizuri (bima ya mazao, ambayo nayo serikali huichangia, ni habari nyingine), ilhali aliyejaza maghala aliweza kulipwa kwa sababu kaunti yake ilianguka. Anayedhani ruzuku ni huruma ataiita hiyo dhuluma. Mimi naona ni kanuni yenye kasoro, na kasoro yake inaweza kujadiliwa bungeni kwa sababu imeandikwa.

Jirani zetu wa Zambia wana mpango wa pembejeo ulioanza mwaka 2002, ambao mkulima mdogo huchangia sehemu ya bei ya mbegu na mbolea na serikali ikalipa iliyobaki. Hiyo ni ruzuku, ingawa mkulima ametoa fedha mfukoni mwake. Kinyume chake, Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga na kuzitaka kampuni za migodi zilime mahindi, lile lilikuwa agizo. Hakuna faranga ya serikali iliyomfikia mkulima kwa njia hiyo. Kongo yenyewe, katika sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, iliunda mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo, na mtu akitaka kuzungumzia ruzuku kwetu, aanzie hapo.

Unga nao unahitaji uangalifu. Ushuru wa unga wa mahindi unaposamehewa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ili bei ya bukari, yaani ugali, ishuke mjini, watu husema serikali imewapa wakulima ruzuku. Aliyepunguziwa ni mlaji. Mkulima wa Kasenga anayepeleka mahindi yake Lubumbashi wiki hiyohiyo atakuta bei imeshuka, kwa hiyo ni vyema kusema ruzuku ya walaji, na ya wakulima tuiite hivyo itakapolipwa.